Nukta Moja Kila Asubuhi

Juzi binti yangu aliye kidato cha pili alinionyesha grafu kwenye simu. Aliingiza tarakimu zake, akabonyeza, mstari ukatokea umejikunja vizuri, na rangi juu. Nikamuuliza mstari unasema nini. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina la kiatu chake. Akasema hausemi kitu, ni jibu tu. Nikacheka, nikarudi jikoni kuangalia wali, lakini wali wenyewe sikuuona. Nilikuwa nimeshafika kwetu, nimesimama na sare kichwani, maji yamenifika kiunoni.

Wewe unayenifahamu utakuwa umeshanisikia nikilitaja hori. Kwetu ni kusini ya Mtwara mjini, kule mto Ruvuma unakokaribia bahari, na hori ni ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu katikati ya mikoko. Sisi tulikaa ng'ambo, penye nyumba chache, mikorosho na mashamba ya mihogo. Shule, zahanati, msikiti wa Ijumaa na duka la mafuta ya taa vyote vilikuwa upande wa pili. Maji yakitoka unavuka kwa miguu. Maji yakijaa hupiti. Njia ya kuzunguka ilikuwepo, ila ukiishika asubuhi unafika shule wenzako wanarudi nyumbani. Mtumbwi ulikuwa mmoja, wa jirani yetu, nao ulimtosha yeye na nyavu zake basi, na alfajiri alikuwa ameshaondoka.

Asubuhi zetu zilianza na muhogo. Bibi, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, aliufukia kwenye majivu ya moto usiku, na kulipopambazuka aliukung'uta, akanipa ukiwa na maganda yake meusi, wa moto kiasi cha kuunguza vidole. Tulikula tukitembea, watoto wote wa ng'ambo, tukisikia kaa wakikwaruzana kwenye mizizi ya mikoko. Tukifika ukingoni kila mmoja alitazama maji kwanza kabla ya kusema lolote. Siku nyingine tulivuka tukiwa tumekunja nguo magotini. Siku nyingine tulikaa ukingoni tukiwasikia wenzetu ng'ambo wakiimba mstarini, na sisi tukijua viboko vya wachelewaji vinatusubiri.

Usidhani watu wa kwetu hawakuyajua maji. Walizaliwa nayo. Bibi alikuwa akitazama mwezi tu, anakwambia leo bamvua, maji yatatoka mpaka uone mgongo wa bahari, twende tukachokoe pweza; au leo maji mafu, kaa nyumbani umenye mihogo. Lakini alikuwa na msimamo wake, na alikuwa mkali nao: mwezi huonwa, hauhesabiwi. Mpaka mwezi mwandamo uonekane kwa macho, hakuna wa kusema mwezi ujao siku fulani maji yatakuwa hivi au vile. Na shule nayo ilikuwa na kalenda yake ukutani, ya ofisini, isiyojua mwezi umeandama au haujaandama. Hesabu hizo mbili ziliishi kijiji kimoja bila kusalimiana.

Ndipo akaja mwalimu wetu wa hisabati. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, nami nilikuwa nimeingia darasa la saba. Alikuwa mama Mkristo kutoka nyanda za juu, kwenye baridi na viazi, na mumewe alifanya kazi bandarini mjini. Bahari alikuwa ameiona kwenye picha tu. Siku yake ya kwanza asubuhi aliona hori limejaa mpaka mikoko imezama nusu. Mchana akatoka nje na chaki mkononi, akakuta tope, kaa, na wanawake wanaokota chaza mahali palipokuwa na maji. Akatuuliza yamekwenda wapi. Tulicheka mpaka tukashika matumbo. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisimama pale ukingoni, sketi ikipigwa na upepo, akangoja mpaka maji yakaanza kurudi, na kipindi cha mwisho siku hiyo hakikufundishwa.

Kesho yake sisi wa ng'ambo tulichelewa, tukajipanga kwa viboko kama kawaida. Akatuuliza tumechelewa kwa nini. Tukasema maji. Akauliza mbona wiki iliyopita, kwenye daftari la mahudhurio, tuliwahi. Tukasema wiki iliyopita maji yalikuwa yametoka. Aliweka fimbo chini. Alisema, polepole, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba basi yana mpango wake, na mpango huo unaweza kuchorwa.

Hakuanza na maji, alianza na miguu yetu. Alichora uwanjani mstari wa kulala na mstari wa kusimama, akasema wa kulala ni muda unavyokwenda, wa kusimama ni umbali wako kutoka mlango wa darasa. Kisha alichora mstari mwingine na kumwita mmoja wetu autembee. Mstari ukipanda, unauacha mlango. Ukilala, unasimama kama umepigwa pini. Ukishuka, unarudi. Ukipanda kwa ukali, unakimbia. Tulicheza mchezo huo mpaka wakubwa wakawa wanasimama kutuangalia. Siku moja mwenzetu mtundu alinyakua kijiti, akachora mstari uliosimama wima kabisa, akamwambia mwalimu autembee huo. Mwalimu alijaribu kuinua mguu, akaushusha. Muda hausogei, lakini mtu yuko mlangoni, yuko katikati na yuko mwembeni mwisho wa uwanja, kwa wakati mmoja. Akasema mtoto mmoja kwa sauti ndogo kwamba huyo si mtu, ni jini. Mwalimu alicheka mpaka machozi, akasema hajawahi kusikia jibu zuri kuliko hilo. Mimi sikucheka. Nilisikia nywele za mikono zikisimama, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu kisichowezekana, na kilichonionyesha kilikuwa kijiti tu.

Halafu ndiyo yakaja maji. Alimwomba fundi wa majahazi nguzo ya mkoko, tukaisimika kwenye tope upande wa shule, tumeifunga vitambaa kila mahali palipolingana na urefu wa rula. Ndani ya darasa tulifunika ukuta wa nyuma kwa karatasi za mifuko ya saruji, tumezibandika kwa uji mzito wa muhogo. Darasa lilinuka uji uliochacha mwezi mzima na mende walifurahi sana. Tulipiga miraba kwa mkaa. Kila asubuhi, kengele ya mstarini ikigongwa, mmoja wetu alikwenda kusoma maji yamefika kitambaa gani, akarudi kuweka nukta moja ukutani, nyekundu, kwa maji ya magome ya mkoko yaliyochemshwa. Nukta moja kwa siku na hakuna zaidi. Jumamosi na Jumapili walisoma wale wa upande wa shule, nao walijivuna kama wamepewa cheo.

Wiki ya kwanza zile zilikuwa nukta tu, mtoto yeyote angeweza kuzitawanya. Wiki ya pili zikaanza kupanda. Kisha zikafika mahali zikachoka, zikashuka, zikafika chini, na zikaanza kupanda tena. Hakuna aliyetuambia zitafanya hivyo. Nakumbuka siku mwalimu alipochukua mkaa akaziunganisha kwa mkono mmoja usiotetemeka, na ukutani kukatokea mlima, bonde, na mlima mwingine unaofanana na wa kwanza kama ndugu. Vilima vilikuwa zile siku zetu za kukaa ukingoni na kuchapwa. Mabonde yalikuwa siku za kuvuka kavu. Maisha yetu yote ya asubuhi yalikuwa pale kwenye mifuko ya saruji, na yalikuwa na umbo. Sikujua kwamba shida inaweza kuwa na umbo zuri namna ile.

Jumamosi moja tulipima kutwa nzima, tangu maji yakiwa chini mpaka yakajaa, tukipokezana juani na mihogo ya kuchoma. Tuligundua kuwa hayajai kwa mwendo mmoja. Yanaanza kivivu, yanakimbia katikati, halafu karibu na kujaa yanakuwa mavivu tena. Mwalimu alitaka tuseme mstari utakuwaje kabla ya kuuchora, na sisi wa ng'ambo tulijua mara moja, maana miguu yetu ilikuwa inayajua yale maji ya katikati yanayokuvuta magoti. Miaka mingi baadaye, nilipofundishwa mteremko wa mstari kwa herufi na mabano, nilikuwa ninausikia magotini.

Siku moja tarehe ya mtihani wa kumaliza darasa la saba ikatangazwa. Mwalimu alihesabu miraba mbele ya nukta ya mwisho, akaweka alama ya msalaba chini ya siku hiyo. Kisha akaendeleza mstari, safari hii kwa vinukta vya mkaa, kwa kufuata vilima vilivyotangulia. Vinukta vikashuka bondeni, vikapanda, vikaendelea kupanda. Juu kabisa ya kilima, hapo ndipo ulipokuwa msalaba. Asubuhi ya mtihani hori lingekuwa limejaa. Sisi wa ng'ambo tulitazamana. Kila mtu alijua kuhusu wasimamizi wanaokuja na gari kutoka mjini: mlango wa chumba ukifungwa umefungwa, na aliyebaki nje hana sekondari.

Sasa, jirani yetu mwenye mtumbwi alikuwa amepita shuleni siku hiyo kuwauzia walimu samaki. Alituona kwanza uwanjani, tumechuchumaa mbele ya mistari na nukta kwenye mchanga, na mwalimu anauliza ijayo itaangukia wapi. Halafu akachungulia dirishani, akaona ukuta. Wewe unajua mtu wa kwetu akiona nukta kwenye mchanga na mtu anayeuliza habari za kesho anafikiri nini. Alifika ng'ambo kabla yangu. Nilipoingia uani bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono imetulia, na bibi mikono yake ilikuwa haitulii kamwe. Aliniambia wanawe wote wamesoma na hakuna aliyepigiwa ramli, na kwamba kesho sendi shule.

Sikwenda kesho yake, wala siku iliyofuata, na siku zikaendelea. Nilimenya mihogo mpaka vidole vikabadilika rangi. Nilijaribu kumweleza, lakini kila nilipofika kwenye ule mstari wa vinukta nilijisikia mwenyewe nikisema maneno ya mpiga ramli: tarehe fulani, asubuhi, maji yatakuwa pale. Bibi aliomba msamaha kwa Mungu kwa sauti, kwa niaba yangu. Nililia, sikufichi. Sikulilia mtihani peke yake. Nililia kwa kufikiri ukuta unaendelea kupata nukta na mimi sipo.

Mwalimu hakuja kugomba. Alituma salamu kwa watoto, kwamba anamwomba bibi aje aone kwa macho yake, na kama ataona ubaya atabandua karatasi mwenyewe. Neno la kuona kwa macho lilimgusa bibi, maana lilikuwa lake. Asubuhi moja ya bonde alijifunga khanga mbili, akavuka na mimi.

Mwalimu alimwamkia shikamoo, akampa kiti, bibi akakataa kiti. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Mwalimu alimweleza mara moja tu, kwamba kila nukta ni asubuhi moja na urefu wake ni maji ya asubuhi hiyo. Kisha alinyamaza, na mpaka leo nikifundisha mtu kitu najitahidi kunyamaza vile. Bibi alinyoosha kidole, akaanza kufuata mstari kutoka mwanzo. Alifika juu ya kilima, akasimama. Akanong'ona kwamba hapa ni baada ya mwezi mpevu, siku ile tuliyorudi na pweza na mimi nikachelewa. Akashuka, akapita bonde, akapanda kilima cha pili: na hapa mwezi ulikuwa umeandama. Alirudi nyuma akaanza upya. Nilimtazama usoni, na niliona uso ambao nilikuwa nimeuona kwake msikitini tu. Alikuwa anaisoma miezi yake mwenyewe, bibi yangu asiyejua hata herufi moja ya shule.

Alipofika kwenye vinukta vya mkaa aliondoa kidole kana kwamba pana moto. Akasema yaliyopita yamepita, kuyaandika si kosa.

"Lakini haya bado, mwalimu. Haya nani kakuonyesha?"

"Hakuna aliyenionyesha, bibi," mwalimu akasema. "Sijui kama yatakuja. Ninachosema, yakiendelea kama yalivyozoea, yatapita hapa."

"Basi sema Inshallah."

Mwalimu alichukua mkaa. Yeye na msalaba wake mdogo shingoni, aliandika Inshallah kwa herufi kubwa juu ya vile vinukta, akamwonyesha bibi pale lilipoanza na lilipokwisha. Bibi aliomba nimsomee, nikasoma. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia nibaki darasani. Nimesoma vyuo baada ya hapo, nimewasikia mabingwa wakieleza tofauti ya kujua na kukisia, na bado sijapata somo lililo wazi kuliko lile.

Ilibaki shida moja. Kama ukuta ulisema kweli, ilibidi tuvuke adhuhuri ya siku iliyotangulia, maji yakiwa yametoka, tulale upande wa shule. Na bibi zetu wa ng'ambo hawakuwa wa kuruhusu wasichana walale mahali wasipopajua, kwa sababu ya mstari wa mkaa. Jirani alisema mbele ya watu kwamba kwa mawingu mwezi wenyewe haujaonekana bado, watoto watalala sakafuni bure. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Adhuhuri hiyo alijitwika sufuria, unga wa muhogo na mkeka, akatuambia twende, yeye atalala na sisi wote darasani. Wengine wakaona kama bibi amekubali, wao ni nani hata wakatae, wakatuacha. Tulikula ugali na dagaa chini ya ukuta wetu, na bibi akawazuia wavulana wasiegemee karatasi.

Kulipopambazuka nilimkuta mwalimu ameshatangulia kwenye nguzo, amejifunika kitenge, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nadhani alikuwa na hofu kuliko sisi. Bibi alikuja nyuma yangu, akasimama upande wake wa pili.

Hori lilikuwa limejaa. Lilikuwa limejaa kimya, bila wimbi, mpaka majani ya chini ya mikoko yanaelea. Maji yalikuwa yamegusa kitambaa kile kile kilichochorwa ukutani wiki nyingi kabla, au kama yalipungua yalipungua kwa upana wa kidole. Ng'ambo tuliiona nyumba yetu, ndogo, moshi hautoki. Nimeona mambo mengi tangu hapo, nimepanda ndege, nimeshika watoto wangu wakiwa na dakika chache duniani, na nakuambia kweli, ile asubuhi sijui niiweke chini ya lipi.

"Mwalimu," bibi akasema baadaye, "umeyaona wapi haya kabla hayajaja?"

"Kwa hawa watoto, bibi. Walikuwa wananiletea kila siku."

Bibi alitugeukia akatutazama, mmoja mmoja, kana kwamba ndiyo kwanza anatuona. Kengele ikagongwa, tukaingia kwenye mtihani. Yeye hakuweza kurudi nyumbani mpaka maji yatoke, akakaa pale karibu na nguzo, na kila nilipoinua kichwa niliona khanga yake dirishani.

Sasa pana daraja la zege. Watoto wanavuka wakati wowote wanaotaka, wengine kwa bodaboda, viatu vyao vikavu, na mimi nafurahi kwa ajili yao. Sitamani mtoto yeyote asimame ukingoni akiogopa viboko. Nilipowauliza maji yatajaa lini hawakujua, na hakuna sababu ya wao kujua. Bibi amelala chini ya mikorosho. Mwalimu alimfuata mumewe aliyehamishiwa bandari nyingine, na barua zangu mbili hazikujibiwa. Zile karatasi za saruji ziliondolewa mwaka uliofuata walipokuja wageni wa wilaya, ukuta ukapigwa chokaa.

Nilifaulu, nikaenda sekondari mjini Mtwara. Siku ya kwanza ya hisabati niliingia mapema nikatazama kuta zote nne, zilikuwa tupu. Nikamuuliza msichana niliyekaa naye, hapa mnapima nini. Hakuelewa, nikarudia swali. Akaniambia hapa hawapimi kitu, wananakili. Mwalimu aliingia, akageukia ubao, akaanza kuandika. Nikatoa kalamu, nikanakili.